Gia Huchaguliwa Juu ya Mlima

Katika matatu nyingi zinazotoka Nakuru utakuta stika iliyobandikwa karibu na kioo cha dereva au kwenye kioo cha nyuma, yenye maneno, "Uoga wako ndio umaskini wako." Nimeisoma mara nyingi nikiwa abiria, na sijawahi kukubaliana nayo, ingawa nilijua wazi kwamba ilikuwa inanisema. Wahenga walikuwa waangalifu zaidi waliposema kwamba kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio. Stika inadai kwamba hofu ni hasara tupu. Methali inadai kwamba hofu ndiyo inayomrudisha mtu kwake akiwa mzima. Nilikwama baina ya hayo mawili kwa muda mrefu, mpaka nilipopata mwalimu, na mwalimu huyo hakuwa mhubiri wala mtaalamu wa saikolojia. Alikuwa dereva mstaafu wa trela, jirani yangu hapa Ngata, ambaye nitamwita Mzee kwa sababu hivyo ndivyo ninavyomwita kila siku, na kwa sababu hapendi jina lake litajwe mbele ya watu wasiomjua.

Hofu ninayoizungumzia ni hofu ya kuendesha gari, na kwa usahihi zaidi, hofu ya kuliteremsha gari kutoka Mau Summit kuja Nakuru. Leseni ninayo tangu nilipokuwa chuoni. Nilijifunza katika shule moja ya udereva mjini, nikasogeza vigari vya kuchezea juu ya ile bodi ya mji wa mfano ambayo kila Mkenya mwenye leseni anaikumbuka, nikafanya mtihani mbele ya afisa wa polisi, nikapita, kisha nikaitia leseni katika bahasha moja na vyeti vyangu vya shule. Mume wangu anafanya kazi Kisumu. Kila Jumapili jioni alikuwa akipanda matatu na kuniachia gari letu dogo la gia za mkono ili linisaidie katikati ya juma, nami nililiacha papo hapo uani, chini ya turubai, hata baada ya kuhamishiwa shule iliyo upande wa Mau Summit, ambako gari lingeniokoa kwa kila hali. Alfajiri nilikuwa nasimama kando ya barabara kuu na mwavuli mkononi, nikisubiri matatu, huku funguo za gari zikiwa ndani ya mkoba wangu.

Sitaki msomaji afikiri kwamba nilikuwa nikiogopa kivuli. Barabara hiyo ni sehemu ya njia kuu inayotoka bandari ya Mombasa kwenda Uganda, Rwanda na nchi nyingine za bara, na malori yanayobeba mizigo ya nchi hizo hupita hapo usiku na mchana. Mji wa Nakuru uko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na Mau Summit uko juu ya mita 2,400. Tofauti hiyo yote hushukwa katika safari isiyofika kilomita 70, na sehemu kubwa yake hushukwa katika miteremko michache mirefu iliyo juu ya Salgaa. Tarehe 31 Januari 2009 lori la mafuta lilipinduka Sachangwan, kwenye barabara hiyo, watu wakakimbilia kuchota mafuta yaliyomwagika, moto ukazuka, na zaidi ya watu 100 wakafa. Alfajiri ya tarehe 31 Desemba 2017 basi na lori viligongana uso kwa uso Migaa, kwenye barabara hiyo hiyo, na zaidi ya watu 30 wakapoteza maisha yao siku moja kabla ya mwaka mpya. Baada ya msiba huo ukuta wa zege ulijengwa katikati ya barabara katika sehemu zile mbaya ili magari yanayopanda yasikutane na yanayoteremka. Mimi niliziona habari za misiba hiyo kama kila mtu, nikasikitika kama kila mtu, nikaendelea kusafiri.

Kilichonigeuza ni jambo dogo ambalo halikufika hata katika redio. Asubuhi moja ya ukungu, matatu niliyopanda ilitoka nyuma ya trela ili ilipite, dereva akiwa haoni zaidi ya hatua chache mbele yake, na taa mbili kubwa zikatokea ndani ya weupe ule zikija moja kwa moja kwetu. Dereva alikata usukani, tukatua kwenye kokoto za kando ya barabara, gari likayumba, likasimama. Hakuna aliyeumia. Kondakta alisubiri tutulie kidogo, kisha akaendelea kudai nauli kuanzia pale alipokuwa ameachia. Nilishuka shuleni nikafundisha vipindi vyote vya siku hiyo, na jioni nilipokaa nyumbani mikono yangu ilianza kutetemeka hata nikashindwa kushika kikombe. Aliyeumwa na nyoka, husemwa, akiona unyasi hushtuka. Kwangu mimi unyasi huo ukawa usukani. Niliendelea kupanda matatu, jambo ambalo mume wangu aliliona kuwa ni kichekesho, kwa maana matatu ndiyo iliyonitisha. Lakini katika matatu ningeweza kufumba macho. Dereva hana ruhusa hiyo.

Hofu ya namna hii huwa na mbinu zake, na ni vizuri kuzieleza maana nadhani wengi wanazo bila kuzitambua. Haikuniambia hata siku moja, "Usiendeshe gari kwa kuwa unaogopa." Iliniambia kwamba mafuta yamepanda bei, kwamba tairi la nyuma limelika, kwamba ni busara kusubiri likizo ambapo barabara haina msongamano. Kila nilipoipa hofu sababu ya heshima nikabaki nyumbani, nilipata nafuu ya papo hapo, na nafuu hiyo ndiyo iliyokuwa mshahara wake. Mwili ulijifunza kwamba nimesalimika kwa sababu sikuondoka, ingawa hakuna kitu chochote kilichokuwa kikinijia. Hivyo ndivyo hofu inavyonenepa bila kulishwa na ajali mpya.

Mzee alinikuta Jumamosi moja nimelifunua turubai, naiwasha injini ili betri isife. Alisimama langoni, akasikiliza mlio wa injini kwa muda, kisha akauliza, "Mwalimu, hilo gari unalifuga?"

Nilicheka, na kwa kuwa ni mtu ambaye hana haraka, nikajikuta nimemweleza yote. Alianza kazi ya malori katika miaka ya 1970 akiwa utingo, akilala juu ya mizigo na kuweka mawe nyuma ya magurudumu lori liliposhindwa na mlima, hadi alipopewa usukani mwenyewe. Akaendesha kwenda Malaba, Kampala na Kigali mpaka alipostaafu akiwa na viungo vyake vyote. Nilitarajia aniambie kwamba hakuna cha kuogopa, jambo ambalo kila mtu alikuwa amekwisha kuniambia. Aliuliza tu, "Unaogopa nini?"

"Barabara, Mzee."

"Barabara ni lami. Lami imelala, haimfuati mtu. Niambie unaogopa nini."

Nilijaribu tena, nikasema naogopa ajali. Hilo nalo alilikataa, akisema kwamba ajali ni jina la mwisho wa jambo, na kwamba yeye anataka kujua mwanzo wake. Tulikaa pale kwenye ngazi za baraza mpaka chai ikaja na ikaisha, nami nikitaja kimoja kimoja: trela lililo nyuma yangu ambalo halina breki, matatu inayotoka upande wake, ukungu, mvua ya mawe ambayo huanguka huko juu bila kutoa taarifa, breki zangu mwenyewe kushindwa, mguu wangu kukanyaga klachi mahali pa breki, aibu ya kuzimikiwa na gari mlimani huku foleni nzima ikipiga honi. Hili la mwisho nililitaja kwa sauti ya chini. Mzee alitikisa kichwa kana kwamba ndilo alilokuwa akilisubiri, na tangu hapo nimeamini kwamba katika hofu nyingi kubwa za kufa kumejificha hofu ndogo ya kuchekwa, nayo ndiyo inayofanya kazi kubwa zaidi.

Alizigawa hofu zangu mafungu matatu: zilizo zangu, zilizo za wenzangu barabarani, na zilizo za Mungu. Za Mungu, yaani ukungu na mvua, dawa yake ni saa: hutoki alfajiri ukungu ukiwa chini, unatoka jua likiwa limepanda, na ukikutana nao njiani unatafuta kituo cha mafuta unaegesha, wala hakuna atakayekuandikia barua ya kukulaumu. Za wenzangu dawa yake ni nafasi: unaacha pengo kubwa mbele, na mwenye haraka nyuma yako unamwachia njia apite na haraka yake. Zilizobaki, zilizo zangu, ndizo za kujifunza. Nilipohesabu niliona kwamba fungu langu mwenyewe lilikuwa dogo kuliko nilivyodhani, na kwamba muda wote huo nilikuwa nimebeba mafungu yote matatu kana kwamba ni moja.

Kisha alinifundisha jambo ambalo ndilo lililonifanya niandike haya. Alifungua mlango wa gari, akaweka mkono juu ya kirungu cha gia, akasema, "Gia uliyopandia mlima ndiyo ya kuuteremkia. Na gia huchaguliwa juu. Huku katikati hakuna duka la gia."

Maneno hayo madereva wote wa malori wanayajua, na wengi wao hawayafuati. Mzee alinieleza sababu yake kwa subira ya fundi. Kitu chochote kizito kinaposhuka mlima, nguvu ya ule uzito ni lazima iende mahali fulani. Ikiwa mwendo hauongezeki, basi nguvu hiyo hugeuka joto, na ikiwa ni breki peke yake zinazozuia, joto lote huishia kwenye breki. Alipoondoka nilifanya hesabu, kwa kuwa sayansi ndiyo ninayofundisha: trela la tani 40 linaposhuka mita 100 za wima kwa mwendo usiobadilika, joto linalozalishwa linatosha kuchemsha zaidi ya lita 100 za maji yaliyokuwa baridi. Hizo ni mita 100 tu, na mlima wenyewe una mita mia kadhaa. Ngoma za breki zinapopata joto kiasi hicho hutanuka na kujitenga na viatu vya breki, msuguano hupungua, dereva hukanyaga zaidi, na katika magari yanayotumia breki za upepo kila kukanyaga hutumia upepo uliohifadhiwa. Katika gari dogo kama langu mafuta ya breki yenyewe yanaweza kuchemka, na kanyagio likazama mpaka chini bila kushika chochote. Ndipo watu husema kwamba breki "zilikatika", wakati ukweli ni kwamba zilichoshwa.

Gia nzito, yaani ile ya namba ndogo, huzuia hayo yasitokee, kwa kuwa injini ndiyo inayoshikilia gari, na breki hubaki baridi zikisubiri wakati wa haja. Tatizo ni wale wanaoteremka gia ikiwa huru ili kuokoa dizeli. Mzee huwaita wezi wanaojiibia wenyewe, na kwa kweli injini za kisasa hukata mafuta zenyewe gari linapoteremka likiwa katika gia, hivyo hakuna hata tone linalookolewa. Dereva wa namna hiyo hugundua katikati ya mteremko kwamba mwendo umezidi, hutaka kurudisha gia, na gia hukataa kuingia, kwa maana mzunguko wa injini na mzunguko wa magurudumu vimeachana mno. Hapo ndipo duka la gia huwa limefungwa. Wenye magari ya otomatiki nao wana gia nzito zao, herufi L au tarakimu 2 karibu na ile D, na wengi wao huuza gari bila kuwahi kuzigusa.

Mzee alikuwa akizungumza juu ya magari. Mimi ndiye niliyesikia zaidi ya hayo. Nilikuwa nimeishi nikidhani kwamba ujasiri ni kitu ambacho mtu hukitoa moyoni pale pale hatari inapomkabili, na kwa kuwa kila nilipotazama moyoni mwangu wakati huo sikukuta kitu, nilihitimisha kwamba sikujaliwa. Sasa mtu aliyeteremka milima hiyo kwa miaka mingi ananiambia kwamba yeye pia katikati ya mteremko hana kitu. Alichokuwa nacho alikiweka tayari juu, pahali palipo tambarare, akiwa bado na pumzi za kawaida na akili zake zote. Katika mteremko alifuata tu kile alichokuwa ameamua. Nilimuuliza kama alikuwa akiogopa. "Kila safari," alijibu, na wala hakuona kwamba amesema jambo kubwa.

Mazoezi yenyewe hayakuwa na la kusimulia sana. Kwanza nilikaa ndani ya gari lililosimama, injini ikinguruma, mpaka moyo ukachoka kwenda mbio. Kisha tukazunguka kwenye njia za mtaani, kisha tukaenda Njoro siku za Jumapili watu wakiwa kanisani, kisha barabara kuu kwa umbali mfupi hadi Sobea na kurudi. Mzee hakuruhusu nipige hatua mpya mpaka ile ya nyuma imekuwa ya kuchosha. Nilikuja kugundua kwamba njia hiyo ina ukoo mrefu katika sayansi: mwaka 1924 mwanasaikolojia wa Marekani, Mary Cover Jones, alichapisha taarifa ya mtoto mdogo aitwaye Peter aliyeogopa sungura, na jinsi alivyomsaidia kwa kumpa chakula anachokipenda huku sungura akisogezwa karibu kidogo kidogo, hadi mtoto akamgusa. Nilimsimulia Mzee. Alifikiri kidogo, akataka kujua ni nani aliyempa yeye chakula miaka yote hiyo.

Siku ya mteremko tuliondoka saa tatu asubuhi, jua likiwa kali na lami ikiwa kavu. Kupanda hakukunisumbua. Huko Mau Summit, mahali barabara inapogawanyika, moja ikienda Eldoret na nyingine Kericho hadi Kisumu, tuligeuza gari, na Mzee akaniambia niegeshe kando. Alitaka niseme kwa sauti nitakachokifanya kabla ya kukifanya. Nikasema: gia ya tatu kuanzia mwanzo wa mteremko, ya pili pale panaposimama zaidi, mwendo usizidi 60, breki nitakanyaga kwa uthabiti na kuziachia, wala sitazilalia, anayetaka kupita apite, nikihisi kizunguzungu nitawasha taa za tahadhari niegeshe mahali pa wazi. Aliniuliza la kuzimikiwa na gari. Nikasema kwamba gari likizima nitaliwasha tena, na wapiga honi watapiga.

Injini ilinguruma kwa sauti niliyodhani itapasua boneti. Hilo hakuna aliyekuwa amenitayarisha kwalo: gia nzito hupiga kelele, na kelele humfanya mwoga atake kubadilisha gia, yaani atake kuiacha salama yake kwa sababu ina sauti mbaya. Niliiacha ingurume. Trela lilitokea nyuma likajaa kioo chote, likapiga honi ndefu, na mgongo wangu ukalowa jasho. "Anakusalimu," alisema Mzee bila kugeuka. Baada ya muda lilipita, na utingo wake akatuchungulia kutoka juu dirishani na kutupungia mkono, hivyo inawezekana kwamba kweli lilikuwa ni salamu. Hofu haikuondoka. Ilikaa nami njia nzima. Lakini kwa mara ya kwanza haikuwa na uamuzi wa kufanya, kwa sababu maamuzi yote yalikuwa yamekwisha kufanywa.

Tulisimama Salgaa, mji ulioota kutokana na malori na ambao huishi kwa kuwalisha na kuwalaza wenye malori. Miguu yangu ilikuwa kama ya mtu mwingine. Katika uwanja wa kuegesha palikuwa na trela lililotangulia kufika, na magurudumu yake yalikuwa yakitoa ile harufu ya breki zilizoungua ambayo ukiinusa mara moja huisahau tena. Dereva wake, kijana wa umri wa wanafunzi niliowahi kuwafundisha, alikuwa akinywa soda akiegemea mlango. Mzee alimwendea, wakasalimiana kwa ile heshima ambayo madereva huwapa wazee wa kazi yao, kisha nikamsikia akimuuliza, "Kijana wangu, leo gia uliichagulia wapi?" Kijana alicheka, akatazama chini, hakujibu. Mzee hakumhubiria. Alimnunulia chapati, wakaongea juu ya bei ya matairi.

Yapo mambo ambayo sikubaliani na Mzee, na naona ni haki kuyataja. Anakataza habari za ajali zisizungumzwe ndani ya gari, akiamini kwamba ulimi huita. Mimi naona kinyume chake: hofu yangu ilikaa miaka kwa sababu ya kutosemwa, na yeye mwenyewe ndiye aliyenitaka nizitaje sababu zake moja baada ya nyingine pale barazani. Nilipomweleza ukinzani huo alisema kwamba baraza si gari. Anaamini pia kwamba hofu huisha kwa uzee, na hapo nadhani anajisahau, maana nimemwona akikataa kupanda matatu fulani kwa kuitazama tu namna ilivyokuwa imeegeshwa.

Somo hilo nililihamishia mahali pengine mapema kuliko nilivyotarajia. Mama yangu, anayeishi Vihiga, alihitaji kwenda kusomewa majibu ya vipimo, akaomba nimsindikize. Mimi ni mtu ambaye mbele ya daktari husahau hata umri wangu. Hutikisa kichwa kwa kila lisemwalo, nikatoka nje bila kujua nimeambiwa nini. Usiku wa kuamkia siku hiyo tuliketi jikoni kwa mama, tukaamua mambo huku ugali ukipoa. Nilimuuliza kama alitaka kuambiwa kila kitu au alitaka niambiwe mimi kwanza. Alisema aambiwe yeye, mwili ni wake. Tukaandika maswali kwenye karatasi ya daftari: ugonjwa unaitwaje, matibabu yake ni yapi, bima italipia nini na itaacha nini, tukitaka daktari wa pili tumwone wapi. Tukakubaliana nani apigiwe simu siku hiyo na nani asubiri, kwa kuwa katika ukoo wetu habari hufika kabla ya mwenye habari. Ndani ya chumba cha daktari akili yangu iliniacha kama kawaida yake, lakini karatasi ilikuwa mkononi, na niliisoma swali moja baada ya jingine kwa sauti iliyokuwa ikitetemeka, mama akiwa ameshika ukingo wa meza. Tulitoka na majibu yote. Yalikuwa yapi ni siri ya mama. Ninachoweza kusema ni kwamba tulirudi nyumbani tukijua kazi ya kesho yake.

Kuna watu ambao hofu zao ni nzito kuliko hizi, zinazowazuia kulala au kutoka mlangoni kwa miezi, na hao sitawaambia watafute dereva mstaafu. Waende kwa mshauri nasaha au kwa daktari, kwa sababu ipo tiba, na njia ile ya sungura wa Peter imeendelezwa sana tangu wakati huo na watu waliosomea kazi hiyo. Lakini kwa sisi wenye hofu za kawaida, zile zinazotufanya tulifunike gari kwa turubai, nadhani ushauri wa kawaida wa kujipa moyo umekuja kwa saa mbaya. Moyo hupewa mtu akiwa tayari katikati ya mteremko, anapozomewa na honi, na hapo haupokeleki. Mtu huyo angesaidiwa siku iliyotangulia, akiwa ameketi, kwa maswali ya mtu asiyeridhika na jibu la kwanza.

Siku hizi naendesha kwenda shuleni na kurudi. Usiku siendeshi, na ukungu ukishuka nalala kwa mwalimu mwenzangu anayeishi karibu na shule. Mzee anasema huo si uoga, ni ratiba. Stika ya "Uoga wako ndio umaskini wako" naikuta bado, sasa nikiwa nyuma ya matatu badala ya ndani yake, na naona aliyeibandika angefaa kuzungumza na wale wanaotoka upande wao kwenye ukungu.

Likizo ya Desemba ninakusudia kwenda Kisumu kwa gari, ili kwa mara moja mume wangu awe ndiye anayesubiri. Njia itapitia makutano ya Londiani, ambako tarehe 30 Juni 2023 lori lililoshindwa kusimama liliua watu zaidi ya 50, wengi wao wachuuzi na abiria waliokuwa kando ya barabara wakijitafutia riziki, kisha Kericho, kisha ule mteremko mrefu wa kwenda Awasi na Ahero ambao sijawahi kuushuka nikiwa nimeshika usukani. Mume wangu anasisitiza kwamba nipande matatu. Nimemwomba aje nyumbani mapema Ijumaa hii ili tulijadili jambo hilo tukiwa tumeketi, na Mzee nimemwalika naye aje, maana mteremko huo anaujua kona kwa kona.